Katuni Aliyoibandika Kijani

Mlioshika ratiba hii mtaona stika ya njano pembeni mwa picha ya marehemu. Haikubandikwa kwa bahati mbaya, wala si pambo. Aliiagiza mwenyewe, na maana yake wateja wake wa zamani mnaijua: watoto wasikilize, lakini mtu mzima akae karibu. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mjukuu wake wa kwanza, ambaye humu ataitwa mjukuu tu, maana marehemu hakupenda mtu ajitie mbele kwenye shughuli ya mwenzake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na muuguzi. Kaka yake alimtangulia kwa miaka sita. Kwa kuwa mama yao alikuwa zamu mara kwa mara, kaka huyo ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akamvusha barabara, na kumfundisha kupiga mluzi, jambo ambalo mama alilijutia kwa miaka mingi.

Alianza shule mwaka 1956 na kumaliza sekondari mwaka 1967. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwenyewe alisema alikaa katikati kwa sababu ndiko kusikokuwa na upepo. Sifa yake ilikuwa moja: akianza kitabu, hata kiwe kibaya vipi, lazima akimalize. Mwalimu wake wa lugha aliandika kwenye ripoti, "Ana subira ya ajabu." Tunaitaja subira hiyo mapema kwa sababu siku ilipohitajika kuliko siku zote, haikuonekana.

Mwaka 1968 kaka yake, aliyekuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema, alimwingiza kazini. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo na cha joto, chenye tundu moja la kuchungulia ukumbi. Humo ndugu hao wawili walisimama bega kwa bega miaka kumi na tisa, mmoja akibadilisha mkanda, mwingine akiangalia mwanga. Hawakuhitaji kuongea. Kaka akikohoa mara moja, mdogo mtu alijua mkanda unakaribia kuisha.

Jumba hilo ndilo lililompa mke. Fundi cherehani alikuja kupima mapazia ya ukumbi, na kijana mmoja akajitolea kumshikia futi kamba. Mapazia yalipimwa mara tatu. "Mara ya kwanza yalikuwa sawa," bibi husema mpaka leo, "lakini ningefanyaje, na mtu ameshikilia upande wa pili hataki kuachia?" Walifunga ndoa tarehe 17 Novemba 1973, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti yao wa pekee.

Jumba lilipofungwa mwaka 1987, kaka alienda kufanya kazi ya umeme. Marehemu akafungua duka la kukodisha kanda za video, baadaye diski, katika chumba kilichokuwa cha kinyozi. Kioo kirefu cha kinyozi kilibaki ukutani, kwa hiyo kila aliyechagua filamu alijiona akiichagua. Hapo ndipo alipopata jina la Bwana Stika. Kila filamu aliitazama mwenyewe, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akaibandika: kijani kwa watu wote, njano kwa mtoto aliye na mzazi, nyekundu kwa watu wazima. Mabusu aliyahesabu kwa vidole. Yakizidi vya mkono mmoja, njano. Wazazi walimwamini kuliko walivyojiamini wenyewe. "Mtume mtoto tu," waliambiana, "Bwana Stika yupo."

Tarehe 14 Agosti 2004 ilikuwa Jumamosi ya likizo. Katuni mpya ilikuwa imefika, na jaladani palikuwa na familia ya sungura waliovaa nguo, wote wakitabasamu. Kwa kweli ilikuwa katuni ya dhihaka: iliziigiza kwa kejeli katuni za zamani za familia njema, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Marehemu hakulijua hilo. Foleni ya watoto ilikuwa imefika barabarani, naye akatazama dakika kumi na mbili kati ya tisini.

"Hiyo hujaimaliza," mkewe alimwambia.

"Mama, hawa ni sungura. Sungura watafanya nini?"

Akaibandika kijani. Nakala ya kwanza aliichukua mjukuu, aliyekuwa na miaka minane na ambaye kwenye foleni ya babu yake hakuwahi kusimama nyuma ya mtu.

Kesho yake familia nzima ilikula chakula cha mchana nyumbani kwa marehemu. Kaka alikuwepo. Alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, mdomo ukalegea upande mmoja, na alikuwa akijifunza kusema upya, neno moja baada ya jingine. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kula nje ya kwake. Katikati ya mlo aliweka kijiko chini, akamtazama mdogo wake, akasema, "Mimi... mimi na... na we..." Wote wakanyamaza wamngoje.

Mjukuu hakungoja. Alilegeza mdomo upande mmoja, kama sungura mtoto alivyomfanyia sungura babu kwenye katuni, akasema, "Betri ya babu imeisha! Mtoeni nje, akachajiwe juani!"

Meza nzima ilicheka. Kicheko kilitoka kabla ya akili kufika. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, jambo aliloagiza lisomwe kama lilivyo, ni marehemu.

Kaka hakumtazama mtoto. Alimtazama mdogo wake, muda mrefu kidogo. Kisha akachukua fimbo yake, mkewe akamshika mkono, wakaondoka. Alichotaka kusema hakuna aliyekisikia.

Jioni hiyo marehemu aliitazama katuni mpaka mwisho. Aliona kwamba mwishoni yule sungura mtoto anazeeka, na wajukuu zake wanambeba kumpeleka juani, akilia. Kumbe hadithi nzima ilikuwa inamsuta huyo sungura mcheka babu. Mtu mzima angeelewa. Mtoto wa miaka minane alikuwa amelala kabla ya kufika hapo, na maneno ya katikati ameshayakariri.

Jumatatu alifunga duka, akachukua stika nyekundu na kuzunguka nyumba sita zilizokodi katuni ile. Dereva mmoja wa lori alimcheka mlangoni. "Bwana Stika, si katuni tu? Sisi tumevunjika mbavu."

"Wewe umemcheka anayecheka," marehemu alimjibu. "Mwanao amemcheka anayechekwa. Lete hiyo diski."

Hakuwahi kusema katuni ile ni mbaya. Alikodisha nakala zake kwa watu wazima miaka mingi, na kuna mistari yake iliyomchekesha hadi machozi. "Katuni haikudanganya mtu," alisema. "Stika yangu ndiyo iliyodanganya."

Nyumba sita alizifika kwa siku moja. Ya saba, ya kaka yake, umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu, hakufika. Alisema ataenda Jumapili. Kisha akasema amwache kwanza apoe. Familia nayo ikafunika kombe. Mara moja alifika mpaka kwenye ngazi, akamsikia kaka yake ndani akirudiarudia neno moja kwa kujifunza, akarudi nyumbani. Mtu aliyemaliza kila kitabu kibaya alikiacha hiki katikati, na kilikuwa kizuri.

Kaka alifariki tarehe 2 Machi 2006. Baada ya maziko, marehemu alimuuliza shemeji yake kama mzee alimkasirikia mtoto.

"Mtoto? Mtoto alimsamehe kabla hatujafika nyumbani," shemeji alisema. "Wewe ndiye alikuwa anakungoja, shemeji. Uje umwambie umekosea, basi. Angekuja mwenyewe, ila zile ngazi."

Tangu siku hiyo marehemu hakumkatiza mtu. Wateja wenye kigugumizi walipenda duka lake. Wenye haraka walilikimbia. Alilifunga mwaka 2012, diski zilipokosa wateja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye alikuwa na vyote viwili, na alipenda kusema kuwa cha pili ndicho kilichomletea chai.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Miezi ya mwisho pumzi ilipungua, naye akawa anasema neno moja baada ya jingine. Wodini, mjukuu alimwambia kwamba maneno ya siku ile yalitoka mdomoni mwake yeye, si mwa babu.

"Wewe... ulikuwa na miaka minane," alisema. "Mimi... hamsini na tano."

Akapumzika, kisha akaanza tena. "Siku ya... maziko yangu... usini... usinibandike..." Muuguzi alitaka kumsaidia kumalizia. Mjukuu alimwomba asubiri. Ilichukua muda. "Usinibandike kijani," alimaliza. Alifariki siku tatu baadaye, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu watatu, na shemeji yake, ambaye amekaa hapa mstari wa mbele na ndiye aliyesema marehemu alazwe kando ya kaka yake, bega kwa bega kama walivyozoea.

Basi pumzika kwa amani, Babu. Na huko, kaka yako akianza tena, "Mimi na wewe...", mngoje mpaka amalize.