Fundi Bawaba, Aliyegeuza Nyumba za Kijiji Kizima

Ndugu, majirani na wote mliofika kutusindikizia mzee wetu, mimi ni binti yake wa pili. Nimepewa kazi hii kwa sababu dada yangu mkubwa hawezi kusoma mistari miwili bila kulia. Mimi nitajitahidi nifike wa tatu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Bawaba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ileile aliyoishi hadi mwisho. Baba yake alikuwa nahodha wa kivuko, mama yake mshona nguo. Siku hizo mtaa wetu ulikuwa kijiji hasa, si kitongoji cha mji. Mbele maji, nyuma kilima, katikati safu mbili za nyumba na gati la mawe. Barabara haikuwepo. Kila kitu kilifika kwa kivuko: unga, walimu, wachumba, hata habari za misiba. Ndiyo maana nyumba zote zilijengwa zikitazama maji, na upande wa kilima ukaachiwa jiko na ukuta mtupu.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Mwaka uliofuata alivuka kwenda mjini kujifunza useremala kwa mjomba wake, akarudi mwaka 1967 na sanduku la vifaa na madaha mengi. Shangazi yetu, dada yake pekee aliyebaki, anasema madaha yaliisha wiki ya kwanza, alipotengeneza kabati zuri ajabu barazani, kisha likakataa kupita mlangoni. Alilibomoa akalijenga upya ndani, na ole wake aliyethubutu kucheka.

Tarehe 9 Novemba 1974 alimwoa mama yetu, mkunga kijana kutoka ng'ambo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bibi harusi alishuka kivukoni amelowa chapachapa, viatu mkononi, akapanda ngazi za gati na kuingia kwa mlango wa barazani, upande wa maji. "Nilidhani wameniletea mwingine," Baba alipenda kusimulia. "Niliyemposa alikuwa mkavu."

Mwaka 1979 lilijengwa daraja, na barabara ikapita upande wa kilima. Kivuko kikasimama. Wageni waliofika kwa gari wakawa wanapokewa na ukuta mtupu na moshi wa jikoni; kumpata mwenyeji ilibidi wazunguke vichochoroni, wainame chini ya kamba za nguo. Watu wakamkimbilia Fundi. Nyumba baada ya nyumba alitoboa ukuta, akapachika mlango, akahamishia jiko upande wa maji. Kijiji kizima kikageuka. Mji nao ukaja kwa daraja lilelile, ukatumeza, ukatugawia namba za nyumba. Milango yake bado ipo, na inafungwa bila kelele.

Nyumba moja tu haikugeuka, nayo ni yetu.

Mama aliomba mlango wa barabarani kwa upole, kwa utani, na kwa kununa. Alikuwa akirudi kutoka kazini hoi, mizigo mikono miwili, gari limemshusha ukutani kabisa, bado azunguke kichochoro chenye tope ndipo aingie kwake. Baba jibu lake lilikuwa moja: "Wewe uliingia kwa mlango ule. Nikihamishia mbele barabarani, itakuwa nilikuingiza kwa uani."

"Niliyeingia ni mimi, na nimeshakusamehe," Mama alimjibu. "Toboa ukuta!"

Hakutoboa. Sisi watoto tulisema ni ukaidi, na kweli ulikuwa ukaidi. Ila alikuwa akimpenda mno, na hakujua namna nyingine ya kulisema hilo.

Mwaka 2021 alianza kuugua moyo, miguu ikavimba. Kila safari ya hospitali tulimbeba kitini kupitia kichochoroni. Siku moja ya Agosti 2022, mvua ikinyesha, Mama alikuwa akitufuata na viatu vya Baba. Akateleza, akaanguka, akavunjika mkono. Aliyelia ni Baba.

Tuliporudi aliniambia, "Mwite mdogo wako aje na patasi. Nimechelewa sana."

Mdogo wetu wa kiume, aliyerithi karakana, ndiye aliyetoboa ukuta. Baba alielekeza akiwa kitini, lakini bawaba alizifunga mwenyewe, na hakutaka msaada. Mlango ulipokamilika alimtuma Mama azunguke mpaka barabarani. Tukasikia mlango ukigongwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mkeo, mwenye mkono mmoja."

"Karibu, mama watoto. Karibu ndani." Walicheka wote wawili mpaka machozi.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 75, Mama akiwa kando yake. Ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na majirani ambao leo wametoka majumbani kwao kwa milango aliyoitengeneza yeye.

Leo asubuhi gari lilisimama barabarani, na wabebaji wakaelekeza jeneza kwenye mlango mpya. Mama akawazuia.

"Mpitisheni mbele," alisema.

Mdogo wangu akamwambia taratibu, "Mama, mbele si ndiyo hapa?"

"Mbele ni kule nilikoingilia mimi."

Basi tukampitisha barazani, tukazunguka kichochoro mmoja mmoja, jeneza likiinama huku na huku, Mama akitangulia kutuonyesha penye tope.

Pumzika kwa amani, Baba. Mkeo amekubali.