Chileshe Albertine, Mwanamke Aliyetuonya

Wasikilizaji wapendwa, Chileshe Albertine hayupo tena. Tulimzika juzi. Mama mjane, mama wa Edith, aliyeuza nyama ya pori kwenye soko la Naviundu. Leo ninamkumbuka, na nitasema pia nilichomfanyia mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1983. Wawindaji walianza kuleta nyama ya swala waliokutwa wamekufa porini. Hawakuwa na jeraha la risasi, na damu nyeusi iliwatoka puani. Albertine alimuuliza kila mwindaji: "Hii nyama, uliiua ao uliiokota?" Ya kuokota hakununua. Akawashawishi mama wenzake sokoni wakatae nao. Mwindaji aliyekuta mzoga, alikuja kumwambia ni wapi. Wiki tatu tu, akawa anajua sehemu kumi na moja. Kumi na moja, wapendwa, nyingi upande wa Luano.

Akapeleka habari kwenye ofisi moja ya serikali. Akajibiwa, kwa jina aliloitwa kila mwananchi mwanamke siku zile: "Citoyenne, unatisha bantu bure. Rudia ku nyumba."

Basi akaja redioni, kwangu. Alikuwa ameandikisha yote kwenye karatasi.

"Papa Kabwe, soma tu. Bantu bajue."

Mkubwa wangu wa kazi alikataa. Siku zile chama kilikuwa kimoja, na habari mbaya haikuwa na mwenyewe. Sikubishana. Niliweka karatasi kwenye droo, nikaenda kula.

Mdogo wake Albertine, Mwenze, aliishi mbali na soko, mtaa wa Hewa Bora. Alipewa swala wa kuokotwa, akamchuna. Kidonda kikamtoka mkononi, cheusi, kisichouma. Siku ya sita akafa. Wengine watano walioshika nyama kama hiyo wakafa.

Edith aliniambia: "Mujomba alikuwa na redio. Kila asubui alikuwa anakusikiliza weye."

Ndipo madaktari wakaja. Ulikuwa ugonjwa wa kimeta. Hawakujua mizoga iko wapi, wakamfuata Albertine porini, akawaonyesha mmoja mmoja. Ikachomwa. Ugonjwa ukakoma. Nami nikasoma tangazo kwamba umezuiwa kwa uangalifu wa viongozi. Jina la Albertine halikuwemo. Nilisoma vizuri, bila kukwama.

Jana nilikwenda matangani. Edith alinipa kiti, akasema: "Mama alikusamehe. Miye, bado."

Edith, na ukoo wote, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, jirani akija kusema ameona mnyama amekufa, msimuulize yeye ni nani. Muulizeni ni wapi, mwende naye.