Kimea cha Bibi Lidwina

Kijiwe cha mtaa wa Mfaranyaki ni benchi moja lenye mguu mbovu na birika la Bibi Lidwina, auzaye kahawa, na togwa kwa wasiopenda uchungu. Alasiri hiyo alikuwa akikoroga kimea, unga wa ulezi ulioota, kwenye uji wa togwa. Mwaka jana bintiye, Oliva, alikatwa uvimbe wa titi, akaambiwa umekwisha. Umerudi. Kesho anatakiwa hospitali ileile ya mbali, naye hajasema kama atakwenda.

— Bibi, redioni wametaja rangi inayodungwa mwilini, alianza Twaha, aitwaye Masafa kwa kutobandua redio sikioni. Inakaa imezima. Ikikutana na kimeng'enya cha saratani, kinaikata, inawaka! Daktari anaona mpaka masalia.

— Kimeng'enya ndo mdudu gani? aliuliza Hironimus, karani mstaafu.

— Si kama kimea hiki? akasema Bibi. Uji mzito, ukikitia unalegea wenyewe. Lakini kiwe kibichi. Ukikichemsha kimekufa, hakifanyi kitu.

— Hapohapo, Bibi! Nayo inataka nyama iliyo hai.

— Basi wadungwe wachawi, akasema Hironimus.

— Wachawi tu? Ipuliziwe kwa ndege, mji mzima! Wazinzi wawake kanisani na msikitini!

— Wewe Masafa ungeonekana toka hapa mpaka Lusewa.

Wakacheka. Bibi hakucheka.

— Yule daktari wa Oliva hakuwa nayo? aliuliza Hironimus.

— Alikuwa na macho tu. Alichoacha labda hakikuzidi punje ya ulezi.

— Ndo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

Mwiko ukasimama chunguni. Hironimus akainamia kikombe, kumbe kitupu.

Oliva alikuwa amekwisha kufika nyuma yao, kitenge amekikaza kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Masafa, hiyo rangi ya kuwaka, kesho nitaikuta huko?

Masafa akatikisa kichwa, akazima redio. Hironimus akatazama mguu wa benchi.

— Kumbe ni macho tena, akasema Oliva.

— Ni macho tena, akasema mama yake.

Akaonja togwa, akamjazia kikombe, akamwaga majivu juu ya makaa.

— Ondokeni. Kesho hapa hakuna kahawa. Nasafiri na mwanangu.