Sijmen Kushoto Ashusha Machela

Ijumaa tarehe 28 Septemba 1951, baada ya miaka arobaini ya kubeba jibini katika soko letu, Bw. Sijmen Vlaming alistaafu. Kwa miaka ishirini na moja nimebeba nyuma yake, kwa hiyo kisogo chake nakijua kuliko hata mkewe, Bibi Aafje.

Katika chama chetu kila mbebaji hupewa jina na wenzake, na hakuna rufaa. Nyinyi wapya mnaomwita Kushoto bila kujua sababu, someni hapa.

Mwaka 1908, akiwa na miaka ishirini na miwili, Sijmen alikwenda London na timu ya taifa letu ya jimnastiki kwenye Olimpiki. Walikuwa zaidi ya ishirini, wakifanya mazoezi yaleyale kwa wakati mmoja, wakisikilizana pumzi tu. Katikati ya zoezi wote walitakiwa kugeuka kulia. Sijmen, aliyekuwa mbele kabisa, akageuka kushoto. Nyuma yake alisimama marehemu Teunis Kroon, mbeba jibini. Teunis akageuka kushoto, na timu nzima ikafuata. Baadaye nahodha alikuja amefura.

"Nani kaanza kugeuka kushoto?"

"Sisi sote," wakamjibu.

Walimaliza wa saba kati ya timu nane. Sijmen aliona aibu hadi akataka kuacha jimnastiki.

"Acha kujiliza, bwana," Teunis alimwambia. "Ungegeuka peke yako lingekuwa kosa. Tumegeuka wote, limekuwa zoezi."

Miaka mitatu baadaye Teunis huyohuyo alimleta kwetu, na jina likaja naye.

Kazi yetu mnaijua: jibini nane kubwa juu ya machela, kamba mabegani mwa watu wawili, hatua fupi za haraka, machela isiyumbe. Sijmen aliwafundisha wapya kwa kuwafumbisha macho, wamsikilize wa mbele anavyopumua. Alichelewa mara moja tu, mwaka 1933. Jina lake lilipoandikwa kwenye ubao wa aibu, aliomba herufi ziongezwe ukubwa kwa sababu mkewe haoni vizuri. Na kwa miaka arobaini hakuangusha jibini hata moja.

Ndiyo maana Ijumaa ile tulikuwa na wasiwasi. Goti lake la kulia limekwisha tangu majira ya baridi. Baba wa Jibini, mkuu wetu Bw. Gerbrand Stam, alimshauri kwa upole agonge kengele ya kufungua soko, kisha apumzike.

"Nigonge kengele? Mimi padri?" Sijmen akang'aka. "Nitabeba mzigo mmoja wa mwisho. Nikiuangusha, mtaniandika ubaoni nikiwa mstaafu."

Tukabeba, yeye mbele, mimi nyuma. Katikati ya uwanja goti likamgoma. Machela ikayumba, na jibini ya juu ikaanza kuteleza. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akachechemea. Sikufikiri. Nikachechemea naye, hatua kwa hatua, na machela ikatulia. Waliokuwa nyuma yetu wakachechemea. Wa nyuma yao pia. Jozi saba za wabeba jibini, watu wazima wenye wajukuu, tukavuka uwanja tukichechemea, na watazamaji wakapiga makofi wakidhani ni desturi ya kale. Tulifika kwenye mizani jibini zote nane zikiwa salama.

Baba wa Jibini akakunja uso, ingawa masharubu yake yalikuwa yakicheka.

"Nani kaanza kuchechemea?"

"Sisi sote!"

Sijmen akacheka, kisha akafunika uso kwa kofia yake ya majani na kulia. Nami nililia, sioni haya kulisema.

Bw. Sijmen, asante kwa miaka arobaini na kwa kila pumzi uliyotufundisha kuisikiliza. Tunakuombea maisha mema na marefu pamoja na Bibi Aafje. Soko likifunguliwa tena Aprili, baada ya majira ya baridi, uje uwafundishe wapya kutembea. Goti likikuuma njiani, wewe chechemea tu. Tutakufuata.