Maneno ya Mama Umutoni Siku ya Kumuaga Mchongaji Nasiri

Mheshimiwa uliyekuja kwa niaba ya Meya wa Wilaya yetu ya Rusizi. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Sheikh wetu wa Kamembe na Padri wetu wa Nkanka, ambao leo mmekaa kiti kwa kiti. Walimu na wanafunzi wa usanifu majengo. Maman Zulaikha, mke wa mwalimu anayestaafu leo, pamoja na watoto wako. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Gashonga, mliovuka kwa mtumbwi kutoka Nkombo, na ninyi wa hapa mjini: nawasalimu nyote kwa heshima. Assalamu alaikum. Yesu asifiwe.

Na wewe, Papa Nasiri, mwenye siku yako. Nimekusalimu wa mwisho, na unajua kwa nini.

Jina langu ni Vénantie Mukamazimpaka. Nauza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kule Nkanka. Nilikulia Bukavu, kwa hiyo Kiswahili changu mtakipokea kilivyo. Kwenye programu wameniandika "mwakilishi wa jamii". Jamii gani jamani? Mimi ni mama yake Umutoni, aliyekufa chini ya paa la Nasiri Niyitegeka.

Naona wengine wameanza kutazamana. Tulieni. Sikuingia hapa kwa nguvu. Ni yeye mwenyewe aliyekuja sokoni mwezi uliopita, akasimama mbele ya beseni langu la samaki akaniambia: "Maman Umutoni, siku ile bengine bote batanisifia. Weye sema kweli." Basi nimekuja kusema kweli, na kama itawauma, mlaumuni yeye.

Tangu asubuhi nimewasikiliza. Mmesema habari za baba yake, fundi wa milango na vitanda katika mtaa wa Waswahili hapa Kamembe. Mmesema jinsi wajomba zake walivyonung'unika alipoanza kuchonga watu, na yeye akawaridhisha kwa kuchonga watu wasio na nyuso: migongo, mikono, mabega ya wanawake waliobeba mizigo, yote kwa mbao za libuyu kutoka Congo. Mmesema wageni walivyokuwa wakija kununua. Kisha mkaruka, mkafika kwa mwalimu mpendwa wa miaka kumi na sita. Katikati hapo mliruka nini? Mbona hakuna hata mmoja aliyetaja Nkanka?

Basi nitaitaja mimi. Ushirika wetu wa wanawake ulikuwa unajengewa banda la kuuzia sambaza, kando ya ziwa. Waliolijengesha walitaka kitu cha kupendeza, wakamwita mchongaji. Naye akatuchorea paa la beto, yaani zege, lililotazama juu kama ungo, likikaa juu ya nguzo nne, na kila nguzo akaipa kiuno, kama mwanamke aliyefunga kitenge. Watu walitoka mbali kuja kulitazama. Na mimi nilisema ni zuri, maana lilikuwa zuri, na siwezi kubadilisha maneno yangu leo kwa sababu ya yaliyotokea.

Ninyi mnaosoma hapa mmeshaelewa. Mchongaji kazi yake ni kupunguza. Anaondoa mti hapa na pale mpaka kibaki kile anachokitaka. Papa Nasiri alipunguza nguzo kama alivyozoea kupunguza mti. Sanamu yake ikisimama kwenye karakana, imesimama, hakuna anayepanda juu yake. Hakujua kwamba nguzo ina kazi nyingine. Na aliyepaswa kumwambia hakumwambia.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua imenyesha tangu jana yake. Tundu la kutolea maji lilizibwa na majani, ule ungo ukajaa maji. Umutoni alikuwa ameniachia mtoto wake mgongoni kwa sababu ya baridi, akatangulia na beseni. Mvua ilipozidi, wanawake wote waliokuwa nje walikimbilia chini ya lile paa wasilowe. Nguzo ilikatika pale kiunoni. Wanawake saba. Mimi nilikuwa njiani, karibu kabisa, na mjukuu wangu amelala mgongoni, na mlio ule hakuusikia. Mimi niliusikia na bado nausikia.

Korti ilimfunga, yeye na msimamizi wa ujenzi. Alipotoka, marehemu Mzee Twagirayezu, aliyekuwa mkuu wa chuo hiki, akazunguka nyumba kwa nyumba kwa familia zetu kutuambia anataka kumpa kazi ya kufundisha. Kufundisha nini? Usanifu majengo! Tulidhani mzee amerukwa na akili. Kaka yangu Bashige alimfukuza uani. Kwangu alikaa, akakataa chai, akasema: "Walimu wangu wote wamesoma jengo linavyosimama. Natafuta mmoja aliyeona linavyoanguka." Nilimwambia atoke na yeye. Akatoka, na akampa kazi vilevile.

Mwaka ule wa kwanza, basi la wanafunzi likaja Nkanka. Nikamwona anashuka. Anawapanga batoto ba watu mbele ya ile nguzo iliyokatika, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa, na anaanza kusema: mimi ndiye niliyeichora. Nilichukua beseni la maji niliyooshea samaki, nikamwendea, nikammwagia lote kichwani, mbele ya darasa lake. Magamba yalimkaa kwenye ndevu. Alipangusa macho akaendelea na somo pale alipokuwa ameishia.

Mwaka wa pili akaja tena. Sikummwagia kitu, nilisimama mbali na kumtukana kimoyomoyo. Mwaka wa tatu msichana mmoja akamuuliza, hao waliokufa walikuwa kina nani? Akanyoosha mkono kule nilikokuwa, akasema: "Mimi siwezi kubasema. Muulizeni ule mama."

Ningefanya nini? Wanafunzi wote waligeuka kunitazama. Nikaenda. Nikawatajia majina, nikawaambia Umutoni alipenda kucheza muziki wa Kikongo akiwa anapanga samaki, na kwamba hakuwa na subira hata kidogo. Tangu siku hiyo hakuna somo la kwanza la mwaka nililokosa. Yeye anawapa kila mmoja kipande cha sabuni ya kufulia, wanachonga nguzo yenye kiuno, wanaweka sahani juu, wanamimina maji kikombe kwa kikombe mpaka ikatike. Wanacheka mwanzoni. Ikikatika wanaacha kucheka, na hapo ndipo ananiita mimi. Sabuni hizo nabaki nazo. Nimefua nguo miaka yote hii kwa nguzo za wanafunzi wa chuo hiki, na sijawahi kumshukuru, kwa hiyo leo pokea, Papa Nasiri: sabuni zako zinatoa povu vizuri.

Waliopanga programu waliniambia nimsifu. Sifa yangu ni hii. Baada ya Nkanka hakushika tena patasi, hata kwa ajili ya kumchongea mjukuu kijiko. Maman Zulaikha atanisahihisha kama nasema uongo. Na muntu anayeweza kurudi kila mwaka mahali palipomwaibisha, akasimama mbele ya vijana wasiomjua na kuwaambia mimi ndiye, wakati angeweza kuhamia Kigali au kuvuka mpaka akaanza upya, muntu huyo simjui mwingine. Waliopita mikononi mwake wanajenga sasa nchi nzima. Mmoja wao, Byiringiro, yuko pale nyuma, aliwahi kugoma kutia saini mchoro mpaka nguzo zikanenepeshwa, na tajiri mwenye nyumba akamtukana mchana kutwa. Alikuwa katika darasa lile la kwanza; aliniambia wakati wote huo alikuwa anaona beseni langu.

Lakini kuna deni la maneno kati yetu, na ndilo hasa lililonisimamisha hapa. Mwaka mmoja, wanafunzi wakiwa wamesharudi kwenye basi, alikaa juu ya jiwe akaniuliza: "Maman Umutoni, umenisamehe?" Hakuwahi kuniuliza kabla, na hakurudia tena. Nilimwambia nitakujibu siku utakayoacha kufundisha. Akasema sawa.

Kwa nini nilimfanyia vile? Niliogopa. Nikisema ndiyo, atarudi tena Nkanka? Nikisema hapana, hatachoka? Binti yangu alikuwa na watu wa kumtaja mara moja kwa mwaka, na watu hao aliwaleta yeye.

Leo umeacha kufundisha, Papa Nasiri. Ninakujibu mbele ya hawa wote.

Sijakusamehe. Nimejaribu, Padri ni shahidi. Nikifika kwenye yale maneno ya kusamehe katika sala ya Baba Yetu ninanyamaza, wengine wanaendelea, nawakuta mbele. Nilidhani miaka itanifanyia kazi hiyo, haikunifanyia. Singekudanganya nyumbani kwangu, na sitakudanganya hapa kwa sababu watu wamevaa nguo nzuri.

Sasa nisikilize bado, sijamaliza. Izabayo, simama, mwanangu. Usione haya, simama waone.

Huyu ndiye aliyekuwa mgongoni mwangu asubuhi ile. Ni mtoto wa Umutoni. Amemaliza sekondari, na kati ya vyuo vyote vya nchi hii amechagua hiki, na kati ya masomo yote amechagua usanifu majengo. Sikulala siku aliponiambia. Kesho yake nilivaa viatu, nikamleta mwenyewe kujiandikisha. Anaanza mwezi wa tisa.

Sebuleni kwangu kuna picha ya mama yake, lakini jinsi alivyokufa sijawahi kumsimulia vizuri. Sikuweza. Nawasimulia watoto wa wengine, huyu wangu namwambia nenda ukaoshe vyombo.

Basi Papa Nasiri, wanasema umestaafu. Cheti wamekupa, tumepiga makofi. Mimi sijakustaafisha. Mwezi wa tisa basi litakuja Nkanka, na wewe utakuwa ndani yake, hata kama ni kwa fimbo, hata kama ni kushikwa mkono. Utampa Izabayo kipande chake cha sabuni. Utamwonyesha nguzo ilikatikia wapi, na mimi nitamwonyesha mama yake alikuwa amesimama wapi.

Usinijibu hapa. Mimi sikukujibu upesi, na wewe usiharakishe. Njoo tu.

Waheshimiwa, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii na kwa kutonikatiza. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Izabayo, kaa sasa, mwanangu.