Jumapili za Marehemu Caleb Mulongo

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi mliosafiri usiku kucha kutoka Makadara, Baba Dogo na Lucky Summer: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, Caleb Mulongo Nabiswa. Nilijaribu kuikataa. Mume wangu Dishon, ambaye ni mdogo wa marehemu, alisema sauti yake haitafika mwisho. Yangu nitaisukuma ifike.

Marehemu alizaliwa hapa Kimilili tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa marehemu Mzee Nabiswa na Mama Truphena. Alisoma hapa hapa nyumbani hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka wa 1970. Mama anasema tangu utoto alikuwa msafi wa kukera watu. Akiwa na miaka tisa alikwisha kumgawia kila mtu nyumbani kikombe chake, na ole wako ukichukua cha mwenzako. Mwaka wa 1971 alikwenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, akapata cheti chake Novemba 1973.

Tarehe 6 Septemba 1980 alimwoa Carolyne, mwalimu wa shule ya chekechea. Waliishi Makadara katika nyumba ya chumba kimoja na jiko. Mungu hakuwajalia mtoto. Carolyne alifariki mwaka wa 1988 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka thelathini na mitatu, na marehemu hakuoa tena. Hakuhama, wala hakuondoa viatu vya mkewe mlangoni.

Mwaka wa 1990 aliomba kuhamishiwa maabara ya utafiti wa moyo. Mama alipomuuliza anafanya nini huko, alimjibu, "Napima mafuta, Mama." Majirani wakadhani ni mafuta ya kupikia. Hakuwa amedanganya. Walichunguza kolesteroli, yale mafuta yaliyomo ndani ya damu: jinsi yanavyochacha kama samli iliyoachwa wazi, na jinsi yakishachacha yanavyoganda kwenye mishipa na kuuziba moyo. Tena walitafuta ni mboga gani zina kinga ya kuzuia kuchacha huko. Kila wiki marehemu alinunua managu, saga na kunde sokoni, mafungu makubwa makubwa. Mimi nilipomwona na mzigo ule nikawatangazia watu Lucky Summer nzima kwamba shemeji amepata mtu wa kumpikia. Alicheka, hakunisahihisha.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine asome.

Kila Jumapili marehemu alikuja kwetu Lucky Summer, ambako Mama naye aliishi, baada ya ibada. Tukiandaa chakula cha jioni, yeye anaomba maji. Kuku wa kukaangwa, ugali moto, Mama mwenyewe amemwekea paja, na yeye anasema ameshiba. Wageni mnatujua. Kwetu huwezi kukataa kuku wa mtu mara moja, sembuse miaka mitano. Nilisema anaringa. Nikasema anaona vyombo vyangu ni vichafu, nikikumbuka habari za vikombe.

Jumapili ya tarehe 9 Juni 1996 nilishindwa kuvumilia. "Shemeji, kama chakula changu kinakukera, si useme tu?"

"Hapana, shem. Nimeshiba tu, haki."

"Umeshiba wapi na huna bibi?"

Nilisema hivyo mbele ya Mama, mbele ya watoto. Aliinuka, akamshukuru kila mtu kwa jina, akaenda zake. Dishon alinigombeza wiki nzima, lakini hakumfuata kaka yake, na mimi sikuomba radhi. Nilingoja arudi aanze yeye. Hakuingia kwetu tena.

Sababu tumeijua juzi tu, kutoka kwa Bwana Muasya aliyefanya kazi naye, ambaye ameketi pale mbele. Vipimo vyao vilihitaji damu ya mtu mmoja, mzima, ileile kila wiki, ya kulinganishia damu za wagonjwa. Wanafunzi waliojitolea walikuja wamekunywa chai ya maziwa, kazi ikaharibika. Marehemu akatoa mkono wake. Tangu Januari 1991, kila Jumatatu saa moja asubuhi, Muasya alimtoa damu. Na tangu saa kumi jioni ya Jumapili hakutia mdomoni kitu ila maji.

Hakutuambia kwa sababu ya Mama. Mwaka wa 1990 Mama alilazwa, wakamtoa damu ya kupima mara tatu, akatoroka hospitalini na kanga ya jirani. Akaapa kwamba mtoto wake atakayeacha damu yake ichukuliwe na watu asimwite mama tena. Tulipomweleza juzi, Mama alisema, "Angeniambia. Ningepiga kelele siku mbili, siku ya tatu ningempikia uji."

Mwaka wa 1997 damu yake ilianza kuchacha mapema kuliko kawaida. Marehemu aliuona mchoro wa kipimo mwenyewe. Akasema dawa ya kupimia imeharibika, wakarudia Jumatatu tatu. Dawa ilikuwa sawa. Daktari alimkuta mishipa ya moyo imesinyaa, akamwambia asiishi peke yake. Muasya akamsihi awaambie ndugu zake. Alimjibu, "Wataniuliza imejulikanaje."

Novemba mwaka huo walitafuta mtu mwingine wa damu ya kulinganishia. Lakini marehemu aliendelea kufika kila Jumatatu, amekunja shati, na Muasya hakuwa na moyo wa kumrudisha. Alimtoa kidogo, wakanywa chai pamoja.

Jumatatu ya tarehe 20 Julai 1998 hakufika. Saa nne Muasya alikwenda Makadara, akavunja mlango na majirani. Moyo ulikuwa umesimama alfajiri. Katika karatasi ya kwanza ya ibada hii tuliandika kwamba alifariki akiwa amezungukwa na familia yake. Nimeifuta sentensi hiyo.

Kuna jambo Dishon hajui, na ananisikia sasa. Jumapili ya tarehe 21 Desemba mwaka jana, yapata saa moja jioni, nilimwona marehemu nje ya lango letu Lucky Summer. Alikuwa amevaa koti la kanisani, ameshika mkate na maziwa. Nilikuwa dirishani nakaanga kuku. Nikasema moyoni, abishe. Naye nadhani alisema, waniite. Alisimama hadi nyama ilipoiva upande mmoja, kisha akageuka.

Jumapili hiyo hakuwa amefunga. Hakuwa na damu ya kipimo ya kumtolea mtu kesho yake. Alikuwa amekuja kula.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Truphena. Ndugu yake Dishon. Rafiki yake Muasya. Wapwa zake watatu, ambao walikua wakiamini baba yao mkubwa anawaringia. Na mimi Nabalayo, shemeji yake, niliyemwona na nisimwite. Bwana amkaribishe ndani bila kumngojesha mlangoni, na ampe ile amani ambayo kwangu hakuipata.