Mama Robo Anakabidhi Kijiko

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, dobi mkuu wa hospitali yetu anavua aproni kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi bado inazibishania. Kwenye faili ana majina matatu kamili, lakini hakuna anayeyatumia. Kwetu sisi wa chumba cha kufulia yeye ni Mama Robo, na robo yenyewe ni robo saa.

Wageni wa sherehe huenda hawalijui jambo hili, basi nieleze. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, Mama Robo huchukua kijiko kikubwa cha bati na kugonga bomba la mvuke mara tatu. Mashine huzimwa, pasi huinuliwa, na madobi wote saba hugeuza matenga, wakakaa na kuweka miguu juu yake kwa dakika kumi na tano. Simu zote huingia kwenye ndoo, kavu lakini. Kwanza ni kufumba macho na kunyamaza, kisha kunyoosha viganja, shingo na kiuno, halafu dakika za mwisho ni za umbea, kwa sharti kwamba usihusu kazi. Sharti hilo hatujawahi kulivunja, maana umbea wa mambo mengine unatutosha.

Robo haimo kwenye ratiba ya hospitali wala kwenye mkataba wa mtu yeyote. Ipo kwa sababu yupo mtu wa kugonga bomba. Mwezi mzima, basi, swali chumbani kwetu limekuwa moja: akiondoka, kijiko atapewa nani? Tunajua kikikosa mwenyewe, Robo haitamaliza wiki mbili.

Aliajiriwa kukunja mashuka. Miaka miwili ya mwanzo, kwa kauli yake mwenyewe, alifanya kazi bila breki. Alikula amesimama na aliomba zamu za Jumapili. Sifa alizipata tele, mgongo nao ukaanza kumdai. Aliyemzindua ni mumewe, fundi cherehani, mtu mpole, ambaye alfajiri moja aliamka akakuta anakunjwa. Mkewe, yumo usingizini kabisa, alikuwa ameshika pembe mbili za shuka na kumkunja nalo, upindo ndani, kama sote tulivyofundishwa. Alipofikia magoti ndipo mzee alipopaza sauti. Siku ileile kijiko kilitoka jikoni kwake kuja kazini.

Alianza kupumzika peke yake, na wenzake walimcheka sana. Lakini waliomcheka walikuwa wakiomba ruhusa ya maumivu ya mgongo kila mwezi, naye haombi. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kugeuza matenga.

Asije mtu akadhani tunamuaga mvivu. Mama Robo amewafundisha kazi madobi kumi na tisa, na ndiye aliyebuni mifuko yenye alama kwa nguo za watoto wachanga, ambazo zamani zilikuwa zikipotea ovyo. Akitazama doa tu anakuambia kama ni dawa, damu au chai ya muuguzi aliyesinzia. Kupumzika nako hakuachi getini. Kwake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima hujilaza. Shemeji yake aliyewahi kufika mbio na habari za haraka alipewa kiti, akapewa na tenga la miguu, akaambiwa habari haitaoza.

Sasa nifike kwenye aibu, kwa sababu ni yangu. Miaka kumi na sita iliyopita niliajiriwa hapa, mama wa watoto wawili, mmoja bado ananyonya, na kiu ya cheo imenikaba. Sikuona kwa nini watu wazima walale mchana. Nikamwandikia msimamizi mpya wa wakati huo barua isiyo na jina, kwamba madobi wanasinzia kazini mara mbili kwa siku kwa amri ya mtu mmoja. Msimamizi huyo alikuwa akitembea na saa ya kupimia wanariadha shingoni, hivyo hakukawia. Alimwita Mama Robo ofisini, akamwonyesha barua, akampa na onyo la maandishi: akigonga bomba tena, kazi hana. Watoto wake wanne walikuwa shuleni. Kijiko kikaingia kabatini.

Siku ya kwanza tulikunja mashuka mengi kuliko kawaida, na msimamizi alicheka mpaka jino la mwisho. Siku ya nne tukaanza kununiana kwa ajili ya vibanio. Siku ya sita foronya tatu ziliungua. Siku ya tisa mimi, macho yakinifumbika nikiwa wima, nikatia pazia jekundu la chumba cha michezo cha watoto kwenye mashine moja na makoti ya madaktari. Maji yalikuwa ya moto. Makoti arobaini na mawili yakatoka ya waridi.

Mganga mkuu alishuka mwenyewe, amevaa lake, maana hakuwa na jingine. Msimamizi alitaka mkosaji ataje jina na aondoke siku hiyohiyo. Mama Robo akasema zamu ni yake na jibu ni lake, kisha akafungua daftari lake la makosa. Katika miaka kumi na mitano ya Robo kulikuwa na makosa makubwa mawili. Katika siku tisa bila Robo, kumi na moja. Hakumtaja mtu. Mganga mkuu alisoma, akajitazama mikono ya koti, akauliza kijiko kiko wapi.

Msimamizi aliamriwa aijaribu Robo wiki nzima. Siku ya kwanza tu alikoroma, saa yake ikipanda na kushuka kifuani. Madaktari walivaa waridi siku tatu, watoto wa wodini wakafurahi mno, na daktari wa mifupa mpaka leo hajalirudisha lake.

Miaka yote hiyo niliamini siri ya barua ni yangu peke yangu. Juma lililopita Mama Robo aliniita kwenye rafu za mashuka, akanitia kijiko mkononi. Nikaanza kukiri. Akanikatiza. Alisema barua ile aliijua pale pale ofisini alipoishika: imekunjwa mara tatu, upindo ndani, pembe zimekutana, na mwezi ule aliyekuwa akijifunza kukunja, hata karatasi akizikunja kama shuka, alikuwa mtu mmoja tu.

Nilimuuliza mbona alinyamaza, hata siku ya makoti. Akasema, mdogo wangu, ulikuwa na mtoto mchanga na hulali. Kwenye Robo sisi tukifumba macho, wewe ulikuwa unahesabu mashuka, na mtu aliyechoka namna ile anaweza kuandika lolote. Kijiko ananipa mimi kwa kuwa niliionja siku ya tisa bila Robo, na hatarajii nikubali ifike ya kumi. Nililia, na shuka nililofutia machozi akanirudishia nilifue upya.

Siku ya sherehe tutakutana saa tisa kamili. Hotuba ya uongozi itasubiri dakika kumi na tano, na matenga ya wageni yameandaliwa.

Mama Robo, asante kwa migongo yetu, na asante kwa kunyamaza. Tunakuombea mchana mrefu wenye utulivu, na mzee wako alale bila kukunjwa. Jumatatu saa nne nitagonga bomba mara tatu. Popote utakapokuwa, inua miguu, na safari hii na mimi nitafumba macho.